Tulikataa moshi wa Lamu, tusiinyamazie harufu ya Olkaria

Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Hoja yetu Wapwani ilikuwa wazi: Kenya ina upepo, ina jua, tena ina mvuke wa Olkaria, ya nini kutujaza moshi vifuani? Hoja hiyo naishikilia hadi leo. Lakini ukishamwonyesha mtu nyumba ya jirani ukamwambia "kachukue kule", una deni la kumuuliza huyo jirani hali yake.

Olkaria iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, na baadhi ya visima vyake vimo ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na sehemu kubwa ya mvuke huo ni wa Olkaria. Taa ya Kisauni na friji ya muuza samaki wa Malindi ziko kwenye gridi moja na visima vile. Umeme huo hauchomi makaa wala mafuta, hautoi masizi. Kwa kipimo hicho ni safi, na mwenye kulikana hilo hasemi kweli.

Hata hivyo mvuke haupandi peke yake. Hupanda na gesi, mojawapo ikiwa haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Tuangalie inafanya nini kifuani.

Vumbi tunalovuta, lile kubwa, hunaswa na kamasi puani na kooni, kisha vinyweleo vidogo vya njia ya hewa hulisukuma juu tukalikohoa. Gesi hainasi hivyo. Huyeyuka kwenye kila utando wenye majimaji, ndiyo maana macho huwasha na koo hukereketa. Ikifika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu huingia kwenye damu, na ikiwa nyingi huzizuia seli za mwili kutumia oksijeni. Ikizidi sana, mtu huanguka pale pale alipo. Isitoshe, ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku upepo unapotulia.

La kutisha zaidi ni hili: gesi ikifikia kiasi cha sehemu 100 katika kila milioni ya hewa, pua hufa ganzi. Harufu hupotea, mtu akadhani hatari imepita, kumbe ndiyo imezidi. Kwa hivyo pua si mlinzi wa kutegemewa. Kinachotegemewa ni kipimo.

Viwango vikubwa namna hiyo ni hatari ya mfanyakazi aliye karibu na kisima, si ya mtoto aliye kijijini. Swali la kijiji ni la kiwango kidogo kwa miaka mingi, na hapo wataalamu hawajaafikiana. Rotorua, New Zealand, mji uliojengwa juu ya chemchemi za moto, watafiti hawakupata ushahidi kuwa gesi hiyo inaongeza pumu. Reykjavik, Iceland, utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta dawa za pumu zikichukuliwa zaidi siku chache baada ya gesi kupanda. Iceland haikungoja mabishano yaishe. Mwaka 2010 ilikuwa imeshaweka kikomo cha maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 150. Na tangu 2014 mtambo wao wa Hellisheiði hurudisha sehemu ya gesi hiyo chini ya ardhi, ikageuka mawe.

Kwetu Kenya, mwaka 2014 familia za Wamasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha mitambo na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizofadhili mradi, na upatanishi ukafanyika. Ugomvi ule ulihusu zaidi ardhi, nyumba na hatimiliki. Hewa haina hatimiliki, ni rahisi kusahaulika mezani.

Sidai kwamba hewa ya vijiji vya Olkaria imevuka mpaka. Ninachouliza ni nani anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Mtoto wa kule huvuta moshi wa kuni nyumbani, vumbi la njiani na gesi ya visima. Akikohoa usiku, mama yake atajuaje kipi ndicho? Hana mashine wala maabara. Kampuni ya KenGen, ambayo serikali ina asilimia 70 ya hisa zake, inavyo vifaa vya kuipima gesi hii.

Sisi tunajua mzigo huo ukiangukia wanyonge huwa vipi. Owino Uhuru, hapa Mombasa, watu walivuta madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo vifua na damu za watu ndizo zilizokuwa daftari la ushahidi.

Katiba haikutaka iwe hivyo. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Basi ombi langu ni dogo, ndugu zangu. Vipimo vya kila siku vya gesi hii vibandikwe vijijini, shuleni na zahanatini, kwa Kiswahili na Kimaasai, pamoja na kikomo kinachoruhusiwa. NEMA ivihakiki, na kaunti ya Nakuru iwapime watoto vifua mara kwa mara. Vikiwa vizuri, kampuni itakuwa imejipatia sifa yake kwa haki. Vikiwa vibaya, itajulikana mapema, kabla ya kugeuka kesi ya miaka kumi. Na wabunge wetu wa Pwani, waliosimama na Lamu, ndio wa kulifikisha ombi hili bungeni, kwa sababu umeme ule tunautumia sote.