Mkurugenzi wa Nani?

Ndugu zangu wa kalamu, tuambizane ukweli. Siku hizi kijana akishajua kupanga sentensi mbili tatu, haoti tena kuandika riwaya. Anaota kufungua NGO. Mjini shule, wanasema. Pata usajili, chonga muhuri, jiite Mkurugenzi Mtendaji, kaa usubiri mshiko.

Basi mimi ndiye huyo Mkurugenzi Mtendaji. Naongoza shirika dogo la usomaji hapa Dar es Salaam: chumba kimoja, rafu nne za vitabu, watu watatu. Cheo ni kirefu kuliko ofisi. Mhasibu ni mimi, tarishi ni mimi, na maji yakikatika mbeba ndoo ni mimi. Hayo siyanung'unikii. Linaloniuma ni swali moja tu: mimi ni mkurugenzi wa nani?

Maana mfadhili halipii kazi unayoiona wewe. Analipia iliyomo kwenye fomu yake. Mwaka huu jinsia, mwakani tabianchi, na wewe unageuza shirika kama shati. Mmoja alikubali kutulipia semina ya siku mbili hotelini, posho na chai juu, akafuta kodi ya chumba ambamo watoto wanasoma mwaka mzima. Kisha akadai "hadithi ya mafanikio": mtoto alikuwa gizani, tukaja sisi, sasa anang'ara. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Na wanaoajiriwa kuziandika hadithi hizo ni nani kama si nyinyi, washairi wetu wa kesho? Kalamu iliyozoea kuuza shida za jirani itapata wapi tena ujasiri wa kusema kweli?

Sheria nayo inanitaka niwajibike. Sheria Namba 24 ya mwaka 2002 ilitaka ripoti kila mwaka; marekebisho ya 2019 yakakaza masharti ya kukagua hesabu na kuzitangaza. Sawa kabisa. Lakini nikishamjibu Msajili, nikamjibu na mfadhili, mama yake yule mtoto atanihoji lini? Kwa shilingi ipi aliyonipa?

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa. Wengi wakalia kwamba tumesalitiwa. Dawa za wagonjwa sizifanyii mzaha. Hizo ni wajibu wa serikali tunayoilipa kodi, na aliyezikosa ana haki ya kulia. Lakini chumba cha kusomea? Darasa la ushairi la Jumamosi? Navyo vingoje saini ya Washington?

Najua mtakalosema: wananchi hawana kitu. Acheni hizo, bwana! Ni mji huu huu unaochangia harusi kadi juu ya kadi. Kamati inakaa, mweka hazina anasoma majina, na ambaye hajamaliza ahadi anajulikana mtaa mzima. Mwaka 1955, Nyerere alipokwenda New York kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, wananchi walichanga kwa ajili ya safari ile. Walikuwa matajiri kuliko sisi?

Wanachama 50 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, ni 50,000. Hazitoshi mshahara wangu. Zinatosha kunitia adabu. Mtu aliyetoa buku lake atauliza limekwenda wapi, nami itabidi nimjibu uso kwa uso, kwa Kiswahili cha barazani, si kwa lugha ya semina.

Kwa hiyo wewe unayetaka ukurugenzi, kabla hujaandika andiko la mradi, fungua daftari la ada. Pita nyumba kwa nyumba. Ukikosa majirani 50 wanaoiamini kazi yako kiasi cha buku moja, huna shirika. Una muhuri tu.