Kiwanja si Mahali pa Kuulizana Dini

Wako mashabiki wa michezo ya vyuo, hata hapa Songea, wasemao tusipange mechi na vyuo vikuu vya dini. Hoja yao ni hii: Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista, nao hushika Sabato tangu jua la Ijumaa litue hata litue la Jumamosi, basi ratiba ya wengi isipinduliwe kwa imani ya wachache.

Hoja hiyo ni dhaifu. Ijumaa adhuhuri twawangojea Waislamu watoke msikitini. Jumapili asubuhi twawangojea Wakristo wengine watoke kanisani. Mbona Jumamosi peke yake ndiyo iitwe mzigo?

Tena tukumbuke tulipo. Uwanja wetu waitwa Majimaji, kwa jina la vita vya 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini humu, na kaburi moja likawapokea waliobatizwa na wasiobatizwa.

Sharti liwe moja tu: vyuo hivyo navyo visimwulize mpinzani dini yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na amkataaye mwenziwe kwa ibada yake amekimbia kabla ya kipenga.