Maudhi Madogo Madogo

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuchambua lugha ya vipeperushi vya afya, na kikundi chetu kikapata kipeperushi cha uzazi wa mpango. Tulihesabu vitenzi, tukajadili nafsi, tukasifu jinsi maneno magumu yalivyorahisishwa, tukapata alama nzuri. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na kichwa cha habari kidogo: maudhi madogo madogo. Chini yake yalifuata kutokwa damu bila mpangilio, kuumwa kichwa, kuongezeka uzito, kukosa hedhi. Mwenzetu mmoja alieleza katika uwasilishaji kwamba huo ni mfano mzuri wa tasfida. Mwingine akaongeza kwamba wanawake wa vijijini huziacha njia hizi kwa sababu ya elimu duni na mila potofu, kwa hiyo wanahitaji lugha ya kuwatuliza. Darasa likaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, na nimejutia ukimya ule tangu siku hiyo.

Mimi ni mtu wa Kabuta, wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Kwetu ni Wabemba kwa lugha, na Kiswahili nilikisikia kwanza kwa wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo, kabla sijajua kwamba kuna Kilwa nyingine na Kiswahili kingine. Hayo maneno ya maudhi madogo madogo nimeyakuta huku Tanzania. Kwetu nesi huzungumza Kibemba, lakini anachosema ni kilekile: ni kitu kidogo, kitapita, vumilia.

Sasa niwaeleze udogo wake ukoje.

Katika nyumba nyingi za Kibemba zinazoshika desturi, mwanamke aliye hedhini hatii chumvi kwenye mboga. Anaweza kuosha, kukatakata, kupuliza moto katika nyumba zilizolegeza kidogo, lakini chumvi humwita mtoto wa kike amtilie. Wapo wanaoicheka desturi hii na wapo wanaoiheshimu. Sikuja hapa kuitetea wala kuitukana. Nataka tu mwone inavyofanya kazi. Chumvi ni tangazo. Mama mkwe aliyekaa barazani akimwona mjukuu ameitwa jikoni siku nne, anajua. Akimwona ameitwa wiki sita mfululizo, anaanza kuuliza maswali.

Wiki sita ndizo zilizomkuta dada yangu. Ni binti wa mama yangu mdogo, ila kwetu mtoto wa mama mdogo ni dada tu, hakuna neno jingine. Ana watoto wanne. Aliolewa mbali na Kabuta, na mumewe ni mvuvi ambaye msimu ukifunguliwa huhamia dago na kurudi nyumbani kwa vipindi. Alianza na sindano, na aliichagua kwa akili sana. Vidonge vinahitaji mahali pa kufichwa kila siku. Kondomu haifichiki kabisa. Kitanzi kina nyuzi, na aliambiwa na wenzake kwamba mume anaweza kuzigusa. Vijiti hupapaswa chini ya ngozi ya mkono. Sindano haiachi chochote: unakwenda kliniki na mtoto mgongoni kama anayepelekwa kupimwa uzito, unarudi. Kadi yake ilikaa kwa shoga yake.

Tena sindano ilifuata kalenda ya ziwa. Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Miezi mitatu wanaume wako nyumbani. Sindano nayo ni miezi mitatu. Huhitaji mhadhara wa chuo kikuu kujua kwamba Novemba ni mwezi wa kwenda kliniki, na dada yangu, aliyeishia darasa la saba, aliijua hesabu hiyo kuliko sisi tulioisoma katika kipeperushi.

Novemba moja alifika kituoni akaambiwa sindano zimekwisha. Vijiti vilikuwepo. Akaambiwa ni miaka mitano bila kuhangaika, akawekewa kwa dakika chache. Damu ilianza wiki ya tatu, ikawa haikatiki. Haikuwa nyingi, na nesi hakusema uongo: kwa kipimo cha hospitali ilikuwa kidogo. Ila binti yake wa miaka saba akawa mtia chumvi wa kudumu, mume akawa yupo nyumbani na hana mke, na mama mkwe akahitimisha kwamba mkwewe ana maradhi ya aibu au amelaaniwa.

Alirudi kituoni kuomba vitolewe. Mara ya kwanza aliambiwa mwili utazoea. Mara ya pili aliambiwa aliyefundishwa kuvitoa hayupo. Mara ya tatu aliulizwa kama mumewe anajua, na kama anajua, aje naye. Kituo hicho sitakitaja, wala sidhani kina ubaya wa pekee. Ilifika mahali muuza dawa mmoja akajitolea kumpasua mkono kwa wembe, naye akakubali, kisha akaogopa njiani. Mwishowe alipanda gari kwenda kituo kingine mbali, akachomwa ganzi, vijiti vikatolewa. Kazi yote haikuzidi robo saa. Alikuwa ameisubiri miezi mitano.

Niambieni basi: mila potofu ni ipi hapo? Na elimu duni ni ya nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kipeperushi chetu kimeandikwa na watu waliolala kwingine.

Najua mwalimu atauliza: kisa kimoja kinathibitisha nini? Kuacha njia kwa sababu ya madhara au hofu ya afya si jambo la dada yangu peke yake. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, nchi baada ya nchi, hulitaja miongoni mwa sababu kubwa za wanawake kuacha. Halafu tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Mwaka 2012 wakubwa walikutana London wakaweka lengo la kuwafikia wanawake milioni 120 zaidi katika nchi maskini ifikapo 2020. Mwaka 2013 bei ya vijiti ikashushwa kwa makubaliano na watengenezaji, kutoka takriban dola 18 hadi 8.50. Ni jambo jema, na silibezi: bila hilo vijiti visingefika kwetu. Lakini lengo likitamkwa kwa idadi ya wanaoingia, anayetaka kutoka huonekana mharibifu wa hesabu. Pesa na mafunzo hukimbilia mlango wa kuingilia. Hata Kiswahili cha kliniki kimeshampa jina anayeondoka: ni mtoro. Neno hilo tulilitumia shuleni kwa mtoto aliyeruka ukuta. Dada yangu aligonga mlango mara tatu.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wenzangu wanaonihurumia. Wao husema dawa ni usiri: mpe mwanamke njia ambayo mume hataijua, mambo yamekwisha. Jambo hili limewahi kupimwa, tena kwetu Zambia. Watafiti wa uchumi, Nava Ashraf na wenzake wawili, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya jaribio walilolifanya Lusaka. Baadhi ya wanawake walipewa nafasi ya kupata huduma ya uzazi wa mpango wakiwa peke yao, wengine wakiwa pamoja na waume zao. Waliopewa mbele ya waume walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kuifuata huduma, na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 27 wa kuzaa. Kwa hiyo usiri unafanya kazi, na wanaodai mume aje kwanza wasome namba hizo mara mbili. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake waliopewa peke yao waliripoti kuwa na furaha pungufu. Siri ina uzito wake. Aliyewahi kuacha kadi kwa shoga yake na kuomba wasigombane anaujua.

Na siri ina tundu kubwa zaidi. Kati ya 2015 na 2018 utafiti uitwao ECHO uliwafuatilia wanawake 7,829 katika Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, wakiwamo wa Kisumu na Lusaka. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika sindano, kitanzi cha shaba na vijiti, ili ijulikane kama sindano huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, hofu iliyokuwa imewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Matokeo yalitoka Juni 2019: hakukuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Watu wakapumua. Mimi nilipoyasoma nilibaki kwenye namba nyingine: wanawake 397 waliambukizwa katika kipindi hicho, ingawa walipewa ushauri na kondomu. Hakuna hata njia moja kati ya zile tatu inayokinga virusi. Inayokinga ni kondomu, na kondomu haifichiki. Kwenye dago, mahali penye wanaume wenye pesa ya leo na wanawake waliokuja kununua chisense, yaani dagaa wetu, jambo hilo si la kitabuni. Mwanamke wa ufukweni anachagua kati ya kinachofichika na kinachomkinga, kisha tunamwandikia kipeperushi kana kwamba anachagua rangi ya kitenge.

Nisieleweke vibaya, kwa maana wapo wanaosubiri maneno kama haya wayageuze. Septemba 2018 Rais Magufuli, akiwa Meatu, aliwaambia wananchi wa Tanzania waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huohuo matangazo yake yakasimamishwa kwenye redio na televisheni. Mtu wa namna hiyo akisikia habari ya damu ya wiki sita atasema, si mnaona? Mimi nasema kinyume. Mama yangu alizaa mara nane, na mara ya sita alibebwa kwenye mtumbwi usiku akiwa hajitambui. Utafiti wa kitaifa wa Zambia wa 2018 ulikuta mwanamke wa kijijini anazaa wastani wa watoto 5.8, wa mjini 3.4. Tofauti hiyo haitokani na wa kijijini kupenda zaidi uchungu. Nataka njia ziwepo, zote, na nataka zisikatike Novemba. Ninachokataa ni kwamba mwanamke akishaingia, kulalamika kwake kuwe ujinga.

Tena hilo la mila tuliangalie kwa jicho la lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina kitenzi kubemenda. Mtoto aliyedhoofika kwa sababu wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa husemwa amebemendwa. Sayansi yake tuiache. Lakini jamii iliyolihitaji neno hilo ni jamii iliyokuwa inahimiza nafasi kati ya mtoto na mtoto, tena iliyomhesabia baba kosa pamoja na mama. Na nachimbusa wetu, ambaye ninyi mngemwita kungwi, hukaa na bibi harusi siku nyingi kabla ya ndoa akimfunda mambo ya mwili bila kumficha kitu. Niliwahi kumuuliza mmoja huko Kabuta anawaambia nini wasichana kuhusu sindano. Akanijibu kwamba huwaambia hedhi inaweza kupotea, na kwamba ukiiacha unaweza kukaa miezi mingi kabla ya kushika mimba, kwa hiyo usiogope na usikubali kuitwa tasa. Ni kweli: baada ya sindano ya mwisho uzazi unaweza kuchelewa kurudi miezi tisa, kumi, hata zaidi. Kipeperushi chetu kiliipitia habari hiyo kwa nusu sentensi. Bibi yule asiyesoma aliipa jioni nzima.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia katika ukumbi wa mihadhara kwamba maudhi madogo madogo ni tasfida nzuri. Tasfida humlinda msikilizaji na jambo chungu. Hii inamlinda msemaji na malalamiko. Wengi wetu tutaajiriwa kutafsiri maandishi ya namna hii. Wengine mmeshaanza kulipwa kwa ukurasa. Andikeni damu inaweza kutoka wiki nyingi. Andikeni nani anavitoa vijiti, siku gani, na kwamba mwanamke akitaka vitolewe hadaiwi sababu wala mume. Anayelipa akisema sentensi hiyo itawatisha wateja, muulizeni kwa nini.

Dada yangu sasa hatumii kitu. Sindano zimerudi kituoni, amesikia, lakini anasema hataki kuanza kitu ambacho kinaweza kuisha tena katikati akarudishiwa vijiti. Tunazungumza kwa simu Jumapili, mume akiwa dago. Sijamshauri chochote, nimemweleza tu ninachokijua kuhusu kila njia, na yeye hunisahihisha. Ziwa litafungwa Desemba. Anasema ataamua Novemba.