Barua ya wazi kwa NIMR: Upimeni umubirizi kwa wagonjwa wenyewe

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: UMUBIRIZI NA WAGONJWA WA KISUKARI WA NGARA NA BIHARAMULO

Huku kwetu umubirizi ni mti wa uani, jirani na migomba. Wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Tangu zamani tulinyweshwa kwa homa na minyoo. Siku hizi wenye kisukari nao wanauchuma.

Mama yangu ni mmoja wao. Jioni hutwanga konzi mbili za majani, huyafikicha kwenye maji mpaka povu la kijani lijae, huchuja kwa kitambaa na kunywa kikombe kizima kwa mkupuo. Muda si mrefu anameza vidonge vyake vya metfomini na glibenklamaidi. Kliniki hasemi, maana jirani yake aliyewahi kusema alifokewa mbele za watu.

Hofu yangu iko hapo. Glibenklamaidi peke yake yaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kama jani nalo linashusha, mgonjwa anaweza kutokwa jasho, kutetemeka na kuzimia usiku bila daktari kujua kwa nini. Na kama halishushi, wapo watakaoacha vidonge kwa kuliamini. Mwaka 2011 tuliyaona Samunge, Loliondo: umati ulifuata kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, na wengine wakaweka dawa zao kando.

Najua majaribio ya maabara yapo, mengi ya Nigeria, na yameonyesha maji ya majani haya yakishusha sukari ya panya. Ni dalili njema. Bado panya hawatuambii konzi ngapi zinatosha, jani changa au lililokomaa, kwa siku ngapi, na ini na figo zitasalimika vipi. Metfomini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliojulikana vijijini karne nyingi. Ikawa dawa baada ya Mfaransa Jean Sterne kuijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1957.

Ninaomba hivyo hivyo kwa umubirizi. Kituo chenu cha Mabibo kinashughulika na tiba asili. Kitume watafiti Murgwanza, Rulenge na Biharamulo, mahali wagonjwa wanapohudhuria kliniki. Wakae kwanza na waganga, wapime kwa mizani kile wanachokiita konzi. Kisha wagonjwa wanaoridhia wafuatiliwe chini ya daktari, kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, pamoja na ini na figo.

Waganga nao watajwe kwa majina kwenye matokeo. Linawezekana: makala ya mwaka 1989 kuhusu sokwe mgonjwa wa Mahale, Kigoma, aliyeonekana akitafuna kiini cha mti huu huu, iliandikwa na Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu, Mtanzania mjuzi wa dawa za porini. Mzee aliyerithi dawa kwa bibi yake hawezi kuitoa kwa mtu atakayeondoka nayo na kumsahau.

Na wakati utafiti ukisubiriwa, wahudumu waelekezwe kumuuliza kila mgonjwa wa kisukari kwa upole anakunywa nini nyumbani, na jibu liandikwe kwenye kadi yake. Hilo halihitaji bajeti.

Mama amekubali kupimwa. Majirani zake wanasema nao watakuja, mradi wasifokewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ngara, Kagera