HALMASHAURI IKIFA, HAKI ZA WATU HAZIFI

Kabla ya mwezi wa Machi 2013, nchi ya Taita na Taveta ilikuwa na halmashauri tatu: Halmashauri ya Manispaa ya Voi, Halmashauri ya Mji wa Taveta, na Halmashauri ya Kaunti ya Taita Taveta. Hizo ndizo zilizotoza ushuru wa masoko, zikatoa leseni za maduka, na kukusanya kodi ya viwanja. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 zote tatu zilikoma, pamoja na nyingine katika Kenya nzima. Jumla yake zilikuwa 175. Mahali pake pakasimama Serikali za Kaunti 47.

Yafaa ifahamike kwamba Halmashauri ya Kaunti ya zamani si Serikali ya Kaunti ya leo, ingawa majina yanafanana. Ya kwanza iliongozwa na madiwani chini ya sheria ya Serikali za Mitaa. Ya pili imewekwa na Katiba ya 2010, nayo ina Gavana na Bunge lake.

Jambo hili si geni. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1924 yalibadilishwa mwaka 1950 yakawa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, nazo zikabadilishwa tena mwaka 1963. Kila mara watu wameuliza swali moja: Je, mtu aliyelipa, aliyeahidiwa au aliyeshitaki chini ya halmashauri ya zamani, amepoteza haki yake?

Jawabu la sheria ni kwamba hakuipoteza. Sheria ya Kenya ya kufasiri sheria husema kwamba sheria ikifutwa, haki zilizokwisha kupatikana hazifutwi nayo, wala madeni, wala kesi zilizokwisha kuanza. Sheria ndogo ndogo nazo hudumu mpaka zifutwe, maadamu hazipingani na sheria mpya. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Sita, yasema kwamba afisi mpya ni mrithi wa ile ya zamani inayolingana nayo, hata kama jina limebadilika. Kwa hiyo mwenye duka wa Voi aliyekuwa na deni la kodi ya kiwanja mwaka 2012 hakusamehewa kwa sababu manispaa imekufa. Na fundi aliyeifanyia manispaa kazi bila kulipwa hakunyimwa dai lake kwa sababu hiyo.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuithibitisha ni jambo jingine. Ili mali za umma zisitoroshwe wakati wa mpito, sheria ya 2012 ilikataza halmashauri kuhamisha mali au madeni bila idhini ya Mamlaka ya Mpito. Mamlaka hiyo ilimaliza muda wake Machi 2016, na kazi iliyobaki ikapewa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano wa Serikali. Miaka ikipita, makarani hustaafu, majalada huhamishwa, na vitabu vya stakabadhi huliwa na mchwa. Hapo asiye na karatasi hubaki na maneno matupu.

Kwa mkulima, jambo kubwa zaidi ni ardhi. Zamani ardhi ya amana ilishikwa na Halmashauri ya Kaunti kwa niaba ya wenyeji. Sasa, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana. Mshika amana si mwenye mali. Ardhi hiyo ikitwaliwa kwa ajili ya kazi ya umma, fidia yake nayo huwekwa kwa amana mpaka jamii iandikishe ardhi yake. Basi jamii inayochelewa kujiandikisha inaacha mali yake mkononi mwa mwingine.

Katika miji, wako wanaotegemea barua ya kugawiwa kiwanja tu. Hao na wajihadhari. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba barua kama hiyo peke yake haimpi mtu umiliki. Ni ahadi ambayo masharti yake lazima yatimizwe mpaka hati ipatikane.

Kwa hiyo kila mwenye kiwanja Voi, mwenye kibanda katika soko la Taveta, na kila mzee wa jamii yenye ardhi ya pamoja, na atafute karatasi zake leo: stakabadhi, leseni, barua na kumbukumbu za mikutano. Atoe nakala, aziweke mahali pakavu, na amwonyeshe mtoto wake zilipo. Halmashauri zimebadilika mara nyingi katika milima ya Taita, na huenda zikabadilika tena. Wahenga hawakukosea waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.