Oili ya Trekta Iingie Katika Bei ya Ekari

MWANZA: Kila mvua za vuli zinapokaribia Kanda ya Ziwa, soko la kulimisha huchangamka. Mwenye trekta hupiga hesabu ya dizeli, posho ya dereva na faida yake, kisha hutaja bei ya ekari. Mkulima wa pamba wa Magu au wa mpunga wa Misungwi huomba apunguziwe, wanakubaliana, na trekta linaingia shambani. Katika hesabu hiyo ipo gharama moja inayosahauliwa mara kwa mara, nayo ni oili ya giaboksi na haidroliki pamoja na filta zake.

Kwa trekta kubwa la gia, uzembe huo huweza kufichika kwa misimu kadhaa. Kwa trekta dogo la mfumo wa haidrostatiki, lile linaloendeshwa kwa kukanyaga pedali bila kubadilisha gia kila mara, haufichiki. Humo pampu husukuma oili kwa shinikizo kubwa, na oili hiyo ndiyo inayozungusha mota ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Oili hiyohiyo hulainisha vyuma, hupoza joto na, katika matrekta mengi ya aina hii, huinua jembe pia.

Nafasi kati ya vyuma vya pampu hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuvikwaruza. Vikishakwaruzika, oili huvuja ndani kwa ndani, na trekta hupoteza nguvu kila linapopata joto. Kufikia hapo, mara nyingi dawa ni pampu nyingine.

Vitabu vya watengenezaji wengi huagiza badiliko la kwanza lifanyike baada ya saa 50 za kazi, kwa sababu vyuma vipya huacha chembechembe vinapozoeana. Baada ya hapo ni kila saa 200 hadi 400, kutegemea aina ya trekta. Anayenunua lililotumika asitegemee maneno ya muuzaji. Abadilishe oili na filta kabla ya kulipeleka shambani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mfano tu, ikiwa oili na filta vitagharimu shilingi 600,000 na vitatumika saa 200, kila saa ya kazi inabeba shilingi 3,000. Ekari moja ikilimwa kwa saa mbili, ni shilingi 6,000. Kila mwenye trekta aweke bei za duka lake na saa za kitabu chake, kisha fedha hiyo itengwe kila jioni kama inavyotengwa ya dizeli. Asiyeitenga anadhani amepata faida, kumbe anakula trekta lake mwenyewe.

Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kununua oili yoyote ya bei nafuu, wakisema oili ni oili. Si kweli. Oili ya injini haichukui nafasi ya ile iliyoagizwa kwa haidrostatiki, ila pale kitabu chenyewe kinaporuhusu. Kopo lililofunguliwa na kufungwa upya, au muuzaji asiyetaka kutoa risiti, ni dalili ya kwenda duka jingine.

Kazi ya kubadilisha haihitaji mitambo mikubwa, inahitaji usafi. Trekta husimamishwa mahali tambarare, oili ikiwa na uvuguvugu, kisha injini huzimwa. Oili kuukuu hukingwa kwenye chombo, filta hufunguliwa, mpira wa filta mpya hupakwa oili safi, nayo hukazwa kwa mkono kama kitabu kinavyoelekeza. Oili mpya hujazwa hadi alama, injini huwashwa dakika chache, huzimwa, kisha kipimo hutazamwa tena. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vipande vya chuma vikionekana, fundi aitwe kabla ya msimu. Oili kuukuu isimwagwe mtoni wala ufukweni, kwani jiji la Mwanza hunywa maji ya ziwa hilohilo.

Usukumani somo hili si geni. Katikati ya miaka ya 1960, shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lilijaribu kilimo cha pamba kwa matrekta katika mashamba ya pamoja, na mpango huo ukaelemewa na gharama za kuyaendesha. Mwaka 2009 ulipotangazwa mpango wa Kilimo Kwanza, trekta za mkono zilienea nchini. Nyakati zote mbili, kununua mashine kulikuwa mwanzo tu wa matumizi.

Mwenye trekta likiharibika hupoteza mapato ya siku hizo. Mkulima aliyekwisha kumlipa hupoteza zaidi. Pamba inayostahili kupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba haisubiri pampu iletwe kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kutoa fedha ya ekari, oili ilibadilishwa mita ikiwa saa ngapi. Mwenye trekta makini atakuwa ameiandika namba hiyo, na huyo ndiye anayestahili kulipwa shilingi chache zaidi.