BOYA LAELEA, MNYORORO JE?

Asimamaye ufukweni akaitazama manowari iliyofungwa kwenye boya lake huona vitu viwili tu, meli na boya. Boya limepakwa rangi, laelea, na meli imetulia. Basi mtu hurudi kwake akasema mambo ni salama. Mtu huyo hatumlaumu, kwani macho yake hayana njia ya kupita hapo. Tunaowalaumu ni wakubwa wenye dhamana ya bandari, popote walipo, ambao nao hutazama kwa macho hayohayo kisha wakatia sahihi.

Wapo wanachama watakaouliza gazeti letu lina shughuli gani na minyororo ya manowari za watu. Jawabu lake si refu. Sisi ni watu wa visiwani. Mchele wetu na unga wetu huja juu ya maji, na ndugu zetu husafiri juu ya maji, na ilivyo khabari ya manowari ndivyo ilivyo khabari ya kila chombo kilichofungwa bandarini. Tofauti ni kuwa majeshi ya bahari, kwa kuwa yana fedha na yana hofu, yameichunguza khabari hii kuliko wengine, na waliyoyajua wao yafaa tuyajue na sisi. Tena kisa tutakachoanza nacho ni cha kisiwa.

Guam ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki ambacho Marekani ilikitwaa kutoka mikononi mwa Hispania mwaka 1898. Bandari yake ya Apra, upande wa magharibi, ni kituo kikubwa cha manowari za Marekani. Wenyeji wake wamekuwa raia wa Marekani kwa sheria ya mwaka 1950, lakini hawana kura ya kumchagua Rais wa nchi hiyo. Hilo tunalitaja njiani tu, na msomaji wetu atajua kwa nini tumelitaja. Tarehe 28 Agosti 1992 tufani iliyopewa jina la Omar ilikipiga kisiwa hicho, na meli mbili za kuchukulia mahitaji ya jeshi la bahari, Niagara Falls na White Plains, zikakatika pale zilipofungwa, zikasukumwa na upepo hata zikapwelewa. Hatusemi kuwa mtu fulani alizembea, wala hatusemi kuwa mnyororo uliokaguliwa jana hauwezi kukatwa na tufani ya leo. Tunachosema ni kwamba siku ya tufani si siku ya kwenda kuuliza kilichofungia meli kina unene gani.

Hebu tushuke chini. Kutoka kwenye boya huteremka mnyororo mmoja mzito hata kufikia pete kubwa ya chuma. Na kutoka kwenye pete hiyo hutawanyika minyororo mingine, aghalabu mitatu au zaidi, kila mmoja ukaenda njia yake juu ya mchanga hata kuifikia nanga iliyozama topeni. Vyote hivyo ni chuma, na chuma katika maji ya chumvi huliwa. Lakini haliwi sawasawa. Karibu na uso wa maji, penye hewa nyingi, kutu hufanya kazi usiku na mchana. Na pale mnyororo unapogusa chini ya bahari pana balaa jingine: kila wimbi likipita na kila maji yakijaa na kupwa, mnyororo huinuka na kuanguka, pete zikasuguana zenyewe kwa zenyewe, na mchanga uliopo baina yao ukawa kama tupa. Mnyororo waweza kuwa mzima juu, mzima chini, na katikati ukawa umebaki jina.

Ndiyo maana hapana budi mzamiaji ateremke, na tena ateremke na kipimo. Marekani ina vikosi viwili vya wazamiaji wajenzi, kimoja kikiwa na makao yake Virginia na cha pili California, na kazi hii ni miongoni mwa kazi zao. Mzamiaji huchagua mahali, akakwangua chaza na majani ya bahari yaliyofunika chuma, kisha akatia koleo la kupimia. Hupima kwanza unene wa pete moja. Halafu hupima pete mbili pale zinapokamatana, mnyororo ukiwa umevutika, kwani ni hapo zinapolana, na mtu akipima ubavu wa pete peke yake atarudi na khabari njema isiyo ya kweli. Hesabu zote huandikwa na mahali pake: juu, katikati, penye mguso wa chini, karibu na pete kubwa.

Kanuni yao ni hii. Unene ukiwa umebaki asilimia 90 au zaidi ya ule wa asili, mnyororo huendelea na daraja lake. Ukiwa baina ya 80 na 90, boya hushushwa daraja, yaani halifungiwi tena meli kubwa kama za kwanza. Ukipungua 80, mnyororo huo umekwisha kazi. Mtu mwepesi wa kusema atauliza: asilimia 80 si nyingi? Ukibakiwa na pishi nne katika tano utasema una njaa? Hapo ndipo hesabu inapowahadaa watu. Nguvu ya chuma haimo katika upana wake bali katika eneo lake lote ukikikata. Pete iliyokuwa na unene wa inchi 3 ikibaki inchi 2.4, upana umepungua humusi moja tu, lakini chuma chenyewe kilichobaki ni sehemu 64 katika 100. Zaidi ya theluthi imekwenda na maji. Hata ile ya asilimia 90, inayohesabiwa kuwa bado njema, imekwisha kupoteza sehemu 19 katika 100. Tungependa kila mkubwa anayesema “umepungua kidogo tu” apewe kalamu aifanye hesabu hii mwenyewe mbele za watu.

Na kanuni hii yote yategemea jambo moja ambalo halimo katika koleo. Mzamiaji akisha kuandika kuwa boya limeshuka daraja, yuko nahodha anayelitaka boya hilohilo kesho asubuhi kwa meli kubwa, na yuko mtunza fedha asiyetaka kusikia khabari ya mnyororo mpya mwaka huu. Je, nani atatiiwa? Rai yetu ni kuwa itiiwe hesabu, na kuwa aliyepima asiwe chini ya amri ya yule anayelihitaji boya. Wakiwa mtu na mkubwa wake, hesabu itapatana na haja, na koleo litakuwa limeteremshwa baharini kwa tashtiti tu.

Wako wenye kushikilia kuwa wazamiaji hawana lazima, dawa ni kuuinua mnyororo wote juu kwa meli yenye winchi, ukapigwa nyundo, ukatazamwa mchana kweupe. Njia hii ni ya zamani na ina haki yake, kwani mzamiaji hawezi kupima kilichozikwa topeni. Lakini kuinua ni gharama kubwa, boya halifanyi kazi siku hizo, na nanga iliyokuwa imeshika vizuri hung’olewa, ikirudishwa huenda isishike kama mwanzo. Sisi twaona mzamiaji ateremke mara kwa mara, na mnyororo uinuliwe pale hesabu zake zinapotia shaka. Asiyeteremka wala asiyeinua, huyo hana madhehebu katika ubishi huu.

Iko pia dawa ya zinki. Mwaka 1824 mtaalamu wa Kiingereza Humphry Davy alionyesha kuwa shaba iliyofunikia manowari haiharibiki ikiwa imeunganishwa na kipande cha zinki au cha chuma, kwa sababu bahari hukila kile kipande ikaiacha shaba. Ajabu ni kuwa shaba iliyosalimika ikaota majani na makome, meli zikawa nzito, na wakubwa wa manowari wakaiacha dawa. Kwa mnyororo, ambao hauendi mbio popote, majani si neno. Vipande vya zinki hufungwa, na waya hupitishwa pete kwa pete ili umeme usikatike. Lakini zinki huliwa, ndiyo kazi yake, na waya hukatika. Zinki iliyokwisha ni sawa na isiyokuwapo. Hivyo mzamiaji hurudi tena.

Na asidhani mtu kuwa mzamiaji huyo yumo katika matembezi. Katika bandari zenye tope mara nyingi haoni mkono wake mwenyewe, hupima kwa kupapasa, na juu yake iko meli inayozunguka na upepo. Akikaa sana kirefuni kisha akapanda kwa haraka, naitrojeni iliyoingia mwilini hugeuka mapovu katika damu, akapooza au akafa. Mwaka 1908 John Scott Haldane alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo, nayo yakachukuliwa na jeshi la bahari la Uingereza. Tangu hapo muda wa mzamiaji ni mali yenye kuhesabiwa kwa dakika. Mkubwa anayemhimiza amalize boya tatu katika siku ya boya mbili anacheza na damu ya mtu, na mara nyingi hupewa hesabu za kubuni pia.

Kwa hiyo tunaitaka kila bandari, ya manowari na ya biashara, itundike mahali pa wazi karatasi moja kwa kila boya: siku mzamiaji alipoteremka, unene alioukuta, na daraja lililobaki. Tutaambiwa kuwa hizo ni siri za vita. Marekani wenyewe wameziacha taarifa kadhaa za ukaguzi huu za miaka ya 1980 zisomwe na umma, na manowari zao zingali zafungwa. Baharia anayelala usiku ndani ya meli hiyo, na mvuvi aliyeweka ngalawa yake upande wa chini ya upepo, wana haki ya kujua pete imebaki inchi ngapi.